Timu Inaposhindwa, Nyumba Isishindwe



Jioni ya Alhamisi, tarehe 20 Machi 2003, Wakenya wengi ambao hawakuwahi kushika gongo la kriketi waliketi mbele ya televisheni. Timu yetu ya taifa ilikuwa Durban, Afrika Kusini, ikikabiliana na India katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. India walipiga kwanza wakapata mikimbio 270, yaani alama 270, na wapigaji wao 4 tu ndio waliotolewa. Nahodha wao, Sourav Ganguly, alimaliza na mikimbio 111 bila kutolewa. Vijana wetu wakajitahidi. Nahodha Steve Tikolo akapata 56. Lakini wote walitolewa wakiwa na mikimbio 179, na safari ikaishia hapo.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba moja usiku ule. Hatusemi habari za mtu fulani. Ni mfano tu, ila huenda ukaitambua nyumba hiyo. Mume aliomba ruhusa kazini akafika nyumbani mapema. Mke amepika maharagwe na mboga, maana ni Kwaresima. Mtoto wa darasa la nne amekataa kulala ili atazame na baba yake. Mpigaji wa mwisho anapotolewa, mume ananyamaza kimya. Mke anasema, “Si ni mchezo tu? Njoo ule.” Mume hajibu. Mke anaongeza kwa mzaha, “Kwani hao wanakulipa mshahara?” Mtoto naye anauliza, “Baba, kwani ni sisi tulioshindwa?” Hapo mume anasimama, anasukuma sahani, anamfokea mtoto kwamba muda wa kulala umepita zamani, kisha anaingia chumbani na kuubamiza mlango.

Kufika Jumapili, wawili hawa wanakwenda Misa pamoja, wanaketi benchi moja, na hawasemezani. Ukimwuliza mmoja wao sababu, atakuambia si kriketi. Na kweli si kriketi. Mume anakumbuka kwamba alichekwa alipokuwa na uchungu. Mke anakumbuka kwamba alifungiwa mlango kwa kosa asilolijua. Jeraha la Durban lingepona kwa siku mbili. Hili la nyumbani linaweza kukaa miaka.

Katika somo letu la mwezi huu tutazungumza juu ya uchungu unaompata mmoja wa wanandoa wakati mwingine hauhisi kabisa. Tutatumia mfano wa shabiki wa kriketi ambaye timu yake imeshindwa. Kama nyumbani kwenu mnapenda kandanda, raga au riadha, mafundisho ni yale yale. Tena tusidhani shabiki ni mume daima. Zipo nyumba nyingi ambamo mke ndiye anayejua majina ya wachezaji wote, na mume ndiye anayeuliza chakula kitaiva lini.

Kwa nini mchezo huuma?

Anayetazama kutoka nje husema, “Hukucheza wewe, umeshindwaje?” Swali hili lina mantiki, lakini halijui moyo wa binadamu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1976 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliona kwamba timu ya chuo ikishinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo chao. Pia waliposimulia mechi, walielekea zaidi kusema “sisi” timu iliposhinda kuliko iliposhindwa. Shabiki huingia ndani ya timu na timu huingia ndani yake. Anapopata ushindi hujiona mrefu zaidi, ingawa hakuinua hata gongo.

Lakini yuko shabiki wa namna nyingine, yule ambaye husema “sisi” hata siku ya kushindwa. Huyo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hataki kuwakimbia wenzake. Mke wa mtu wa namna hii asimdharau upesi. Moyo ule ule unaokataa kuiacha timu inayoshindwa ndio unaoweza kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa bila kuchoka. Kinachohitajika ni kuufundisha uaminifu huo uanze nyumbani.

Sababu ya pili ya uchungu huo ni kukosa la kufanya. Mchezaji akishindwa, kesho atarudi mazoezini. Shabiki hana mazoezi ya kurudia. Amepiga kelele, amesimama, ameketi, na hakuna kilichobadilika. Nguvu zote zimebaki mwilini bila kazi. Ndiyo maana hutafuta mahali pa kutokea, na mahali palipo karibu zaidi ni kwa wale wanaoishi naye.

Namna tatu za kushindwa

Si kila kushindwa ni sawa. Historia ya kriketi ya Kenya inatuonyesha namna tatu, na kila moja ina uchungu wake.

Namna ya kwanza ni kushindwa kwa unywele. Mwezi wa Aprili 1997, Kenya na Bangladesh zilikutana Kuala Lumpur, Malasia, katika fainali ya mashindano ya mataifa ambayo wakati ule hayakuwa wanachama kamili wa shirikisho la kriketi la dunia. Kenya ilipata mikimbio 241, na kati ya hiyo Tikolo peke yake alipata 147. Kisha mvua ikanyesha. Mchezo ukaendelea Jumapili, tarehe 13, huku Bangladesh wakipewa shabaha mpya ya mikimbio 166 katika ova 25. Ova ni kipindi cha kutupa mipira sita. Ulipofika mpira wa mwisho kabisa, Bangladesh walihitaji mkimbio mmoja, nao wakaupata. Nchi hizo mbili zilikuwa zimekwisha kufuzu kwa Kombe la Dunia la 1999, kwa hiyo hakuna aliyekosa nafasi yake. Hata hivyo, aliyeshindwa kwa mpira mmoja hubaki akijiuliza, “Laiti ungekwenda vingine?”

Namna ya pili ni mwisho wa ndoto, na hii ndiyo ya Durban. Kenya ilikuwa imewafunga Sri Lanka hapa Nairobi tarehe 24 Februari 2003, pale Collins Obuya alipowatoa wapigaji 5. Iliwashinda pia Kanada, Bangladesh na Zimbabwe, na ikapewa alama za Nyuzilandi ambao walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama. Hivyo ikawa nchi ya kwanza isiyo mwanachama kamili kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. India walistahili kushinda usiku ule. Uchungu ulitoka kwingine: watu walikuwa wamezoea kuamka kila asubuhi wakiwa na jambo la kutumainia, na asubuhi ya Ijumaa jambo hilo halikuwapo tena.

Namna ya tatu ni kuporomoka polepole. Jumapili, tarehe 20 Februari 2011, Kenya ilianza Kombe la Dunia mjini Chennai, India, dhidi ya Nyuzilandi. Wapigaji wetu wote walitolewa kwa mikimbio 69 tu. Nyuzilandi waliifikia shabaha katika ova 8 bila kumpoteza hata mpigaji mmoja. Kenya ilishindwa mechi zake zote 6 katika mashindano yale. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, na haikuonekana katika Kombe la Dunia la 2015, la 2019 wala la 2023. Hapa hakuna mpira mmoja wa kulaumu. Shabiki huona aibu, kisha huchoka, na mwishowe huacha kuzungumzia jambo alilolipenda.

Wapendwa wanandoa, hebu tazameni namna hizi tatu kwa makini. Je, hamjazikuta nyumbani? Kuna mtoto aliyekosa nafasi ya shule kwa alama moja. Kuna shamba lililouzwa kwa mtu mwingine mkiwa mmekwisha kuchora nyumba mtakayojenga humo. Kuna duka lililokuwa likijaa wateja, nalo likapungua mwaka baada ya mwaka mpaka likafungwa. Anayejua kumpokea mwenzake siku ya kriketi anajifunza kumpokea siku hizo nyingine.

Hatari ya matumaini yaliyovunjika

Hapa hatuna budi kusema jambo zito. Mwaka 2011 wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, walichapisha uchunguzi juu ya mechi za kandanda ya Kimarekani na taarifa za polisi za fujo za nyumbani. Waligundua kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ilipopigwa, visa vya wanaume kuwapiga wake au wapenzi wao viliongezeka kwa karibu asilimia 10. Visa hivyo viliongezeka zaidi katika muda mfupi wa karibu na mwisho wa mechi. Timu iliposhindwa katika mechi iliyotarajiwa kuwa sawa kwa sawa, ongezeko la namna hiyo halikuonekana wazi.

Fikiri juu ya neno hili. Kilichowasha moto hakikuwa kushindwa peke yake. Ilikuwa tofauti kati ya kile mtu alichokuwa ameahidiwa na moyo wake na kile alichokipata. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hapa tembo walikuwa uwanjani mbali, na nyasi zilizokanyagwa zilikuwa jikoni.

Tuseme wazi: hakuna mpira unaompiga mke. Mkono wa mtu ndio unaopiga, na mwenye mkono ndiye mwenye hatia. Uchungu ni sababu ya kuhurumiwa, haujapata kuwa ruhusa ya kuumiza. Kama nyumbani kwako mwisho wa mechi umekuwa saa ya kuogopa, kama watoto hujificha wakisikia timu imeshindwa, basi hilo si suala la michezo na wala si siri ya kufichwa kwa jina la heshima ya ndoa. Tafuta mahali salama kwanza. Mwambie mtu unayemwamini: mzazi, wasimamizi wenu wa arusi, padre au kiongozi wa jumuiya. Nenda pia kwa polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya jeuri ya nyumbani inakuruhusu kwenda mahakamani kuomba amri ya kulindwa. Kuvumilia taabu tulizoahidi kuvumilia mbele ya altare hakumaanishi kuvumilia kipigo.

Kwako wewe unayeumia

Sasa tuseme na shabiki mwenyewe, awe mume au mke.

Kwanza, taja uchungu wako kwa maneno. “Nimeumia, naomba nikae kidogo.” Maneno haya manne yangeiokoa ile nyumba ya mfano wetu. Mwenzako hawezi kusoma moyo wako kutoka mgongoni mwako. Ukimya usioelezwa hufasiriwa kuwa hasira, na hasira isiyoelezwa hufasiriwa kuwa chuki.

Pili, uwekee uchungu wako mpaka. Saa moja ya ukimya yatosha. Tembea hadi barabarani urudi, osha vyombo, panga kuni, kagua mlango wa banda la kuku. Mwili uliokosa kazi uwanjani upewe kazi nyumbani. Lakini usiende mahali utakaporudi ukiwa umelewa. Pombe juu ya uchungu ni kama mafuta ya taa juu ya makaa.

Tatu, usimtwike mtoto hesabu isiyo yake. Mtoto anayeuliza, “Kwani ni sisi tulioshindwa?” anataka kujua kama baba yake bado yuko salama. Ukimfokea, hatajifunza lolote juu ya kriketi. Atajifunza kwamba mtu mzima akishindwa hutafuta mdogo wa kumshinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na watoto hufundishwa methali hii kwa kutazama uso wa mzazi kuliko kwa kuisoma kitabuni.

Nne, kama uliweka fedha kwenye kamari, sema usiku ule ule. Siku hizi mtu huweka dau kwa simu akiwa amelala kitandani kando ya mwenzake. Timu ikishindwa, huugulia sana, na mwenzake hudhani ni mapenzi ya mchezo, kumbe karo ya muhula imekwenda. Mambo haya mawili yasichanganywe. Uchungu wa timu unahitaji faraja. Deni la siri linahitaji kuungamwa kwa mwenzako na kupangiwa njia ya kulilipa. Anayeomba pole kwa ajili ya la kwanza huku akificha la pili anamwibia mwenzake mara mbili.

Kwako wewe usiyeumia

Na wewe ambaye ulikuwa ukipita tu sebuleni ukiwa na sufuria mkononi, nawe una sehemu yako.

Kwanza, usiseme “ni mchezo tu”. Wewe unaona unampunguzia mzigo. Yeye anasikia kwamba anachokipenda ni upuuzi, na kwamba yeye mwenyewe ni mjinga. Mzaha nao una wakati wake. Neno litakalowachekesha wote wawili Jumamosi linaweza kuchoma kama pilipili Alhamisi usiku.

Pili, usikimbilie kutoa dawa. Wengi huanza kueleza kwa nini timu ilishindwa, au kusema mwaka kesho watashinda. Uchungu mpya hautaki hesabu. Unataka mtu wa kuketi naye. “Pole, Baba. Najua ulivyoingojea siku hii.” Kisha nyamaza. Mletee chai, uiweke karibu naye, usimlazimishe kunywa.

Tatu, usilipize kisasi cha zamani. Mke mwenye kuona kwamba mumewe hakumfariji siku alipokosa kupandishwa cheo kazini hujaribiwa kusema, “Basi nawe leo onja.” Neno hilo lina haki ndani yake, ila limekuja siku mbaya. Liweke, mzungumze mkiwa wote mmetulia. Ukilitupa katikati ya uchungu wake, atajitetea, wala hatalisikia.

Nne, uliza swali moja la kweli siku inayofuata. Huhitaji kujifunza sheria zote za kriketi. Uliza tu, “Ni wakati gani ulijua wameshindwa?” Utashangaa. Huenda atakusimulia habari za baba yake aliyempeleka uwanjani mara ya kwanza, au za rafiki wa shule aliyekufa ambaye walizoea kutazama pamoja. Mara nyingi timu ni kamba tu ambayo mtu amefungia mambo mengine anayoyapenda. Mume au mke anayeuliza hupewa kamba hiyo ashike upande mmoja.

Kubalianeni kabla ya mechi

Mapatano mema hufanywa siku ya utulivu. Mnapojua kwamba mechi kubwa inakuja, ketini dakika kumi mkubaliane mambo haya: nani atawalaza watoto, chakula kitaliwa saa ngapi, ili kisije kikawa sababu ya ugomvi, mechi itatazamwa nyumbani au kwa jirani, fedha kiasi gani zitatumika, na kwamba hakuna dau la siri. Mwisho kubalianeni juu ya jambo hili: ikiwa timu itashindwa, anayeumia apewe muda gani, na baada ya muda huo atarudi vipi kwa wenzake. Nyumba nyingine huchagua ishara ndogo. Akirudi sebuleni na kuomba chai, maana yake yuko tayari kuzungumza.

Labda mtasema haya ni makubwa mno kwa jambo dogo. Lakini ndoa haivunjwi na mambo makubwa peke yake. Kuta nyingi huanguka kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakidondoka kidogo kidogo, na hakuna aliyeona haja ya kupanda darini.

Turudi kwenye ile nyumba

Turudi sasa kwenye nyumba yetu ya mfano, usiku ule ule wa Durban. Mpigaji wa mwisho ametolewa. Mume amenyamaza. Mke anazima taa ya jikoni, anakuja kuketi kando yake, hasemi kitu. Mtoto anauliza, “Baba, kwani ni sisi tulioshindwa?”

Mume anavuta pumzi. “Ndiyo, mwanangu, ni sisi. Tumeshindwa leo. Baba ameumia kidogo, lakini atakuwa sawa. Nenda ulale, kesho ni shule.”

Mtoto anakwenda. Mke anasema, “Pole, Baba Watoto.” Mume anajibu, “Asante. Naomba nikae kidogo, nitakuja kula.” Anatoka nje, anazunguka nyumba, anatazama nyota. Baada ya nusu saa anarudi, anakuta maharagwe yamefunikwa. Anakula. Katikati ya chakula anaanza kucheka taratibu. “Unajua,” asema, “mwezi uliopita hakuna aliyetuhesabu kabisa.”

Matokeo ya mechi hayakubadilika hata kwa mkimbio mmoja. Kenya bado imeshindwa kwa mikimbio 91. Lakini mtoto amelala akijua kwamba baba yake anaweza kushindwa akabaki kuwa baba. Mke amejua kwamba ukimya wa mumewe una mwisho. Na mume amejua kwamba katika nyumba hii anaweza kuwa na huzuni bila kuchekwa.

Hii ndiyo hazina tunayotaka mwiweke akiba, kwa maana zipo hasara nyingine njiani. Itakuja siku ya barua ya kufutwa kazi. Itakuja siku daktari atakapoomba mketi chini kabla hajasema. Kwa wengine itakuja mimba iliyoharibika, na mmoja ataumia kwa machozi wakati mwingine anaumia kwa kunyamaza, na kila mmoja atamwona mwenzake kama hajali. Siku hizo hazitoi nafasi ya kujifunza. Mtatumia tu mlichokwisha kujifunza katika siku ndogo: kusema “nimeumia”, kusema “pole”, kungoja, na kurudi.

Timu mnayoipenda itashinda na kushindwa. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ninyi wawili mliapa kuwa upande mmoja katika raha na katika taabu, wala hamkuambiwa kwamba taabu ya mmoja lazima iwe na maana kwa mwingine ndipo aihurumie. Yatosha kwamba ni taabu ya mwenzako.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Tafuteni nusu saa jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mjibu maswali haya kwa zamu. Mmoja akisema, mwingine asikilize bila kumkatiza.

1. Ni jambo gani ninalolipenda ambalo wewe huoni maana yake? Je, umewahi kunicheka kwa sababu ya jambo hilo, nami nikaficha kwamba niliumia?

2. Ninapoumia, mimi hufanya nini: hunyamaza, hufoka, hutoka, au hunywa? Watoto wetu wangejibuje swali hili?

3. Kati ya namna tatu za kushindwa, yaani kwa unywele, mwisho wa ndoto na kuporomoka polepole, ni ipi iliyonipata maishani? Ulikuwa wapi siku ile, nami nilitamani ungefanya nini?

4. Je, kuna deni au dau ambalo sijakuambia?

5. Tukubaliane ishara gani ya kuonyesha kwamba muda wa ukimya umekwisha na niko tayari kurudi kwako?